Rwagasore: viti 58, risasi moja na kesi iliyomalizikia Gitega

Wafanyabiashara wanaovuka Kobero kuingia Muyinga wakitokea Ngara waliwahi kuibeba sura yake mifukoni bila kumwuliza mtu ni nani. Noti ya faranga 10,000 ya Burundi iliyotolewa mwaka 2004 ilikuwa na picha za watu wawili. Mmoja ni Melchior Ndadaye. Mwingine ni Mwanamfalme Louis Rwagasore, aliyezaliwa Gitega tarehe 10 Januari 1932 na kuuawa kabla hajatimiza miaka 30, akiwa amekaa kwenye uwaziri mkuu muda wa wiki mbili tu.

Baba yake, Mwambutsa wa Nne, alitawazwa kuwa Mwami mwaka 1915 akiwa bado mtoto mdogo. Rwagasore kwa hiyo alikuwa mtoto wa ikulu, na njia yake ilikuwa imeshachorwa: shule ya Astrida, mji ambao leo ni Huye nchini Rwanda, kisha masomo Antwerp, Ubelgiji. Vijana wengi wa koo za kitawala waliopita njia hiyo walirudi kuwa machifu watiifu. Yeye aliporudi mwaka 1956 alianza na biashara.

Hapo ndipo habari yake inapowagusa wasomaji wa mpakani. Wakati ule biashara ya jumla ya Urundi ilikuwa mikononi mwa Wazungu na Waasia. Mwafrika aliuza rejareja, alinunua kwa bei aliyotajiwa, na mkopo wa benki kwake ulikuwa ndoto. Mwaka 1957 Rwagasore alianzisha vyama vya ushirika, kikiwemo kile cha wafanyabiashara wa Burundi, ambacho wanachama wake wengi walikuwa Waswahili wa Usumbura, jiji ambalo sasa linaitwa Bujumbura. Mpango ulieleweka na kila mwenye duka: kununua kwa pamoja, kumruka mtu wa kati, na faida ibaki kwa mwenyeji.

Ushirika ulikua haraka, na haraka hiyo ndiyo iliyouponza. Mtaji ulikuwa mdogo, hesabu zilisimamiwa vibaya, fedha nyingine zikapotelea mikononi mwa watu, na madeni yakaupa utawala wa Kibelgiji sababu ya kuingilia kati. Kama biashara, mradi ule ulishindwa, na hakuna haja ya kuupamba. Kisiasa ulimwachia mtaji mkubwa kuliko aliouanza nao: mwana wa Mwami alikuwa amekaa meza moja na wauza vitenge na samaki wa Ziwa Tanganyika, watu ambao hawakuwa na nafasi katika mpango wa machifu. Mitaa ya Waswahili ikawa ngome yake.

Mwaka 1959 alipewa uchifu wa Butanyerera, kaskazini mwa nchi. Wabelgiji pengine walitarajia cheo kingemtuliza. Hakikumtuliza. Akakiachia na kujitosa kwenye chama cha UPRONA, kilichodai uhuru wa haraka chini ya Mwami na kikawaweka Wahutu, Watutsi na Waganwa kwenye safu moja ya uongozi. Nje ya mipaka alishikana na TANU ya Julius Nyerere, iliyokisaidia chama chake, na akawa na uhusiano na wafuasi wa Patrice Lumumba. Kwa maofisa wa kikoloni, majina hayo mawili yalitosha kumwita mkomunisti.

Kampeni yake ya kwanza alizuiwa kuifanya. Mkutano wa Brussels wa mwaka 1960 ulikubaliana kwamba jamaa wa karibu wa Mwami wasishiriki siasa, sharti ambalo kwa vitendo lilimlenga mtu mmoja. Alipowataka wananchi wasusie maduka ya Wabelgiji na wasilipe kodi, Oktoba mwaka huo akawekwa kizuizini nyumbani, Bururi. Uchaguzi wa serikali za mitaa ukafanyika bila yeye. Kati ya viti 2,876, chama cha PDC kilipata 942 na UPRONA 545. Viongozi wa PDC walikuwa Joseph Birori na Jean-Baptiste Ntidendereza, wana wa chifu Pierre Baranyanka wa tawi la Batare, mahasimu wa siku nyingi wa tawi la Bezi la Mwambutsa. Ntidendereza akawa Waziri wa Mambo ya Ndani katika serikali ya mpito, maana yake polisi na utawala wa mikoani vilikuwa chini ya mshindani.

Umoja wa Mataifa, uliokuwa msimamizi wa juu wa Ruanda-Urundi, uliibana Ubelgiji hadi marufuku ikaondolewa na uchaguzi wa wabunge ukapangwa Septemba 1961. Safari hii Rwagasore alizunguka. Urundi ilikuwa nchi ya vilima, watu wakiishi kaya kwa kaya badala ya vijiji, na wengi hawakujua kusoma. Kutoka kaskazini mashariki, Muyinga ikiwemo, wanaume wengi walikuwa wakivuka kwenda Uganda na Tanganyika kutafuta ujira, na walijionea Tanganyika ikisogelea uhuru. Jina la mwana wa Mwami lilifika mahali ambapo karatasi za chama hazikusomeka.

Tarehe 18 Septemba 1961 UPRONA ilipata takriban asilimia 80 ya kura na viti 58 kati ya 64. Mwishoni mwa mwezi Rwagasore aliapishwa kuwa Waziri Mkuu. Hakuwafungulia mashtaka waliomfungia nyumbani. Aliwahutubia walioshindwa kwa lugha ya maridhiano.

Usiku wa tarehe 13 Oktoba alikuwa akila chakula katika mgahawa wa Hoteli Tanganyika, Usumbura. Risasi ilitoka gizani, na moja ilitosha. Aliyeifyatua alikuwa Mgiriki, Jean Kageorgis. Alikamatwa ndani ya siku chache, na uchunguzi ukawafikia viongozi wa PDC pamoja na mfanyabiashara mwingine wa Kigiriki, Michel Iatrou.

Wengi wanaoadhimisha 13 Oktoba, ambayo ni sikukuu ya taifa Burundi, huishia hapo. Kesi iliyofuata inajulikana kidogo, ilhali ndiyo iliyokuwa mtihani wa kwanza wa haki ya jinai kwa taifa changa. Mahakama ya kikoloni ilitoa hukumu Aprili 1962. Katika rufaa ya Mei, Kageorgis peke yake ndiye aliyebaki na adhabu ya kifo. Ntidendereza alipunguziwa ikawa kifungo. Kageorgis aliuawa kwa kupigwa risasi tarehe 30 Juni, siku moja tu kabla ya uhuru.

Kwa Warundi wengi hiyo ilionekana kama hesabu iliyofungwa nusu: aliyefyatua amekufa, walioagiza wako hai. Hasira hiyo inaeleweka. Ila dawa iliyochaguliwa ilikuwa kali kuliko ugonjwa. Septemba 1962 iliundwa Mahakama Kuu ya nchi, na sheria yake ikapewa nguvu ya kurudi nyuma. Kesi iliyokuwa imeshaamuliwa hadi ngazi ya rufaa ikafunguliwa upya, na watu wakahukumiwa mara ya pili kwa kosa lile lile. Novemba hukumu tano za kifo zilitolewa. Ubelgiji iliomba wahurumiwe, bila mafanikio. Tarehe 15 Januari 1963 Ntidendereza, Birori, Iatrou, Antoine Nahimana na Jean-Baptiste Ntakiyica walinyongwa hadharani Gitega, mji aliozaliwa Rwagasore, mbele ya maelfu ya watu.

Ni vigumu kuamini kwamba mtu aliyeshinda viti 58 akanyoosha mkono kwa walioshindwa angeitaka siku ile. Chama chake kilikuwa kimekwisha kugawanyika baina ya wagombea urithi wake, na mgawanyiko huo ulianza kufuata mstari wa Uhutu na Ututsi. Miaka miwili kamili baada ya Gitega, tarehe 15 Januari 1965, Waziri Mkuu Pierre Ngendandumwe, aliyekuwa waziri katika serikali fupi ya Rwagasore, naye aliuawa kwa risasi mjini Bujumbura.

Swali la nani alijua nini upande wa Ubelgiji halijazimika. Kabla ya kuuawa, Kageorgis alimtaja Roberto Régnier, aliyekuwa mkuu wa utawala wa Kibelgiji Urundi. Oktoba 2018 serikali ya Burundi iliituhumu Ubelgiji waziwazi kuhusika na mauaji hayo, na mwaka 2021 mwandishi wa Kibelgiji Ludo De Witte alichapisha kitabu kizima juu ya kesi hiyo, akitumia nyaraka za utawala wa kikoloni. Nyaraka hizo zimehifadhiwa Brussels. Kaburi la Rwagasore liko Bujumbura, juu ya kilima cha Vugizo, likilitazama jiji na ziwa.