Selous: Mzee wa miaka 63 aliyeanza uafisa vitani

WENGI huamini kwamba umri wa kuingia jeshini huisha pale mvi za kwanza zinapochomoza. Frederick Courteney Selous alikuwa na miaka 63 alipopewa cheo cha luteni katika jeshi la Uingereza mwaka wa 1915, akatumwa kupigana Afrika Mashariki. Haikutimia miaka miwili akawa amezikwa chini ya mkwaju mahali paitwapo Beho Beho, karibu na Mto Rufiji nchini Tanzania.

Kwa msomaji wa Ras Kamboni, Kiunga au Kismayu, ambako vita vimewaita vijana na watu wazima kwa zamu, na ambako wengi wamerudi makwao baada ya miaka mingi ugenini, maisha ya mzee huyu yana la kufunza na la kuonya.

Selous alizaliwa jijini London Desemba 31, 1851. Baba yake alikuwa mtu wa fedha aliyewahi kuongoza soko la hisa la London, na mwana alitarajiwa kufuata kazi ya heshima kama hiyo. Lakini kijana huyo alipenda porini. Alipokuwa na miaka 19, mwaka wa 1871, alishuka Afrika Kusini na kuanza kuwinda ndovu kwa ajili ya pembe.

Kwa karibu miaka 20 alizunguka nchi ambazo leo ni Zimbabwe, Zambia na Botswana. Alijifunza kusoma nyayo, kutafuta maji na kulala na njaa. Vitabu alivyoandika vilimpa umaarufu mkubwa, na inaaminika kwamba mwandishi Rider Haggard alimchukua kama kielelezo cha Allan Quatermain, yule mwindaji wa hadithi zake.

Hata hivyo, sifa zake zina upande wa pili. Mwaka wa 1890 ni yeye aliyekuwa kiongozi wa njia wa msafara wa walowezi uliotumwa na kampuni ya Cecil Rhodes kuingia nchi ya Washona. Njia aliyowapasulia ndiyo iliyofungua mlango wa wenyeji kunyang'anywa ardhi. Alipigana upande wa walowezi katika vita vya 1893, ambapo alijeruhiwa, na tena mwaka wa 1896.

Vita hivyo alivipigana kama mtu wa kujitolea. Hakuwahi kuwa mwanajeshi wa kudumu.

Baadaye alirudi Uingereza, akaishi na mkewe Gladys na watoto wao katika kijiji cha Worplesdon, huku akiendelea kusafiri kwa uwindaji. Mwaka wa 1909 alisaidia kupanga safari mashuhuri ya Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu kwenye urais wa Marekani, na walisafiri kwa meli moja hadi Mombasa.

Vita Vikuu vya Kwanza vilipozuka Agosti 1914, Selous alikuwa na miaka 62. Aliomba kujiunga na jeshi, akakataliwa kwa sababu ya umri. Mzee hakukata tamaa. Aliendelea kubisha hodi, na daktari alipompima alimkuta ana nguvu za kutosha.

Mlango ulifunguka kupitia chama kilichoitwa Legion of Frontiersmen. Chama hiki kiliundwa mwaka wa 1905 na Roger Pocock kwa wanaume waliowahi kuishi mipakani mwa dola ya Uingereza: wawindaji, mabaharia, wachimba dhahabu na askari wastaafu. Walikuwa raia wa kawaida, lakini walijiweka tayari kama akiba ya taifa iwapo vita vingetokea. Selous alikuwa mwanachama.

Mapema mwaka wa 1915 serikali ilikubali chama hicho kitoe batalioni nzima, ya 25 ya Royal Fusiliers, chini ya Kanali Daniel Patrick Driscoll. Ilikuwa na wanaume zaidi ya 1,000 wa kila aina. Kulikuwa na mpigapicha wa wanyama Cherry Kearton, na pia tajiri Mmarekani Northrup McMillan wa Juja, ambaye jina lake lingali kwenye maktaba kubwa ya Nairobi. Hawakupewa mafunzo marefu, kwani iliaminika wanajua tayari la kufanya. Mei 1915 walishuka Mombasa.

Kwa nini wazee walihitajika? Waingereza walikuwa na askari wachache sana katika eneo hili. King's African Rifles ilikuwa na batalioni tatu tu vita vilipoanza, na askari wake walitawanywa kutoka mipaka ya Uganda hadi Jubaland. Wakati huo Kismayu na Ras Kamboni zilikuwa bado chini ya utawala wa Uingereza. Jubaland ilikabidhiwa Italia mwaka wa 1925, na ndipo mpaka ukapita mahali tunapoufahamu leo.

Jubaland yenyewe haikuwa shwari. Februari 1916 wapiganaji wa Aulihan walishambulia boma la Serenli, kwenye Mto Juba, na kumuua afisa wa Kiingereza aliyekuwa akilisimamia. Waingereza waliondoka hapo, wakarudi mwaka wa 1917. Askari waliokuwa wakitakikana kumkabili Mjerumani Kilimanjaro walitakikana pia Juba.

Mwezi Juni 1915 Selous alivuka Ziwa Victoria kutoka Kisumu pamoja na kikosi kilichoshambulia Bukoba. Kituo cha simu ya upepo cha Wajerumani kiliharibiwa, na baada ya mapigano mji uliporwa. Miezi iliyofuata batalioni ililinda reli ya Uganda, ikapiga kambi Maktau, karibu na Voi.

Hapo ndipo umri ulipogeuka kuwa faida. Malaria, tumbo la kuhara na uchovu viliwaangusha vijana kwa mamia, kuliko risasi. Selous, aliyeishi porini tangu ujana, aliendelea kutembea mbele ya wenzake waliokuwa na umri wa wanawe. Alijua kula kidogo, kunywa kwa kipimo na kupumzika kila nafasi ilipopatikana. Agosti 1915 alipandishwa cheo kuwa kapteni, na mwaka uliofuata akatunukiwa nishani ya DSO.

Lakini mwili una hesabu yake. Katikati ya 1916 aliugua na kurudishwa Uingereza kufanyiwa upasuaji. Angeweza kubaki nyumbani kwa heshima zote na hakuna ambaye angemlaumu. Alipopona aliomba kurudi, na Desemba mwaka huo alishuka Dar es Salaam, mji uliokuwa umetekwa na Waingereza miezi mitatu kabla.

Januari 4, 1917, siku nne tu baada ya kutimiza miaka 65, aliongoza kundi lake dhidi ya Wajerumani waliokuwa wakirudi nyuma Beho Beho. Alipoinua kichwa kutafuta walipojificha adui, mpiga shabaha alimpiga risasi. Alikufa papo hapo.

Msiba haukuishia hapo. Mwanawe, Kapteni Freddy Selous, alikuwa rubani wa kivita nchini Ufaransa. Aliuawa Januari 4, 1918, mwaka mmoja kamili baada ya baba yake, akiwa na miaka 19. Gladys alipoteza mume na mtoto tarehe ileile.

Mtu mzima anayefikiria kuvaa magwanda ana maswali ya kujiuliza hapa. Je, anacho kitu ambacho vijana hawana? Selous alikuwa nacho: miaka zaidi ya 40 ya kuijua ardhi ya Afrika. Cheo chake kilitokana na ujuzi huo. Swali la pili ni gumu zaidi: nani atakayelipa akianguka? Katika nyumba ya Worplesdon jibu lilijulikana mapema mno.

Na kuna waliolipa bila kuulizwa kama wanataka. Vita hivyo viliendeshwa kwa migongo ya wapagazi wa Kiafrika, wengi wao waliochukuliwa kwa nguvu. Makadirio ya waliokufa upande wa Waingereza hukaribia 100,000, hasa kwa maradhi na njaa. Selous alijitolea kwa hiari yake, na kila hatua aliyopiga kuelekea Rufiji ilitegemea watu waliobeba chakula na risasi bila hiari.

Mwaka wa 1922 Waingereza waliipa jina la Selous hifadhi kubwa ya wanyama iliyozunguka kaburi lake, ambayo baadaye ilifikia takriban kilomita mraba 50,000 na kuingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka wa 1982. Mwaka wa 2019 Tanzania ilitenga sehemu kubwa ya hifadhi hiyo kuwa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Kaburi la Beho Beho sasa limo ndani ya hifadhi yenye jina la baba wa taifa, huku jina la Selous likibaki kwenye sehemu nyingine.

Wapagazi nao wana ukumbusho wao, ingawa wengi hupita bila kuujua. Mfanyabiashara anayefuata bidhaa Kariakoo jijini Dar es Salaam, au Kariokor jijini Nairobi, hutamka jina lao kila siku, kwani mitaa hiyo iliitwa hivyo kutokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi.