Chester Carlson: Aliyechoka Kunakili kwa Mkono

Printa ya steshenari tunayoipangia foleni wiki ya kukusanya asaimenti ina asili yake. Ilianza na kijana mmoja aliyekuwa amefulia kuliko wengi wetu.

Chester Carlson alizaliwa Seattle, Marekani, tarehe 8 Februari 1906. Baba yake, kinyozi, alikuwa mgonjwa wa kifua kikuu na baridi yabisi ya uti wa mgongo. Chester alianza vibarua akiwa na miaka minane, na kufika sekondari yeye ndiye aliyekuwa tegemeo la nyumba. Alipokuwa na miaka 17, kifua kikuu kikamchukua mama yake.

Shule hakuiacha. Mwaka 1930 alihitimu fizikia Caltech, California, huku madeni yakimsubiri mlangoni. Uchumi ulikuwa umeanguka. Aliomba kazi kampuni 82, karibu zote zikamtosa. Akapata nafasi Bell Labs, New York, lakini 1933 akapunguzwa.

Baadaye akaingia idara ya hataza ya kampuni moja ya vifaa vya umeme, kazi ya kuandaa hati za kulinda uvumbuzi. Kila hati ilitaka nakala kadhaa, na hazikutosha kamwe. Usiku alisomea sheria. Vitabu hakuweza kununua, hivyo alikaa maktaba akivinakili kwa mkono, na baridi yabisi ya baba yake ikaanza kumsumbua na yeye. Hapo ndipo akajiuliza: hivi hakuna njia nyingine?

Akaanza kusoma kuhusu umeme na mwanga, na kufanya majaribio jikoni kwake, nyumba nzima ikinuka salfa. Tarehe 22 Oktoba 1938, katika chumba cha kupanga mtaa wa Astoria, New York, yeye na msaidizi wake Otto Kornei, kutoka Austria, walichukua sahani ya zinki iliyopakwa salfa. Wakaisugua kwa leso ili ishike umeme tuli. Wakaweka juu yake kioo kilichoandikwa tarehe ile na jina Astoria, wakakimulika kwa taa. Mwanga ulipopita, umeme ukaondoka; chini ya maandishi ukabaki. Wakanyunyiza unga, wakapuliza, na unga ukabaki kwenye maandishi tu. Wakaukandamiza kwenye karatasi ya nta. Basi, kopi ya kwanza hiyo!

Unadhani alitajirika kesho yake? Wapi! Zaidi ya kampuni 20 zilimkatalia. Ilibidi afike 1944 ndipo taasisi ya Battelle, Ohio, ikakubali kuuendeleza uvumbuzi wake. Kisha kampuni ndogo ya Haloid, iliyokuja kuitwa Xerox, ikaweka fedha. Mashine iliyofanikiwa sokoni, Xerox 914, ilitoka 1959. Ilikuwa na uzito wa karibu kilo 300. Tangu ile leso, miaka 21!

Mhandisi wa Xerox, Gary Starkweather, ndiye aliyepata wazo la kutumia miale ya leza badala ya taa, kompyuta ikiiongoza. Ndani ya printa kuna rola lenye umeme tuli. Leza inachora herufi juu yake, na pale ilipopita ndipo unga wa tona unanasa. Karatasi inauchukua unga, halafu inapita kwenye joto linaloyeyusha unga ushikane nayo. Ndiyo maana asaimenti yako inatoka ya moto kama chapati.

Carlson hakuiona printa ya leza sokoni. Alifariki New York, Septemba 1968, akiwa ameshagawa sehemu kubwa ya utajiri wake kwa misaada, bila kupenda kutajwa jina.

Mimi nasomea ualimu. Huenda nikapangiwa shule ambayo watoto wanagombea kitabu kimoja. Nikimkuta mmoja ananakili sura nzima kwenye daftari, mkono umemuuma, nitamtafutia kopi kama naweza. Lakini kwanza nitamuuliza: wewe ungependa kazi hii ifanyikeje?