Askofu Edward Steere na Mashine ya Kuchapa ya Unguja

Katika toleo hili tunawaletea maisha ya Askofu Edward Steere. Wazee wachache wanalijua jina lake. Vijana wengi hawalijui, ingawa Kiswahili wanachoandikiana kwenye simu kila siku kimepita mikononi mwake. Tumemchagua kwa sababu ya mjadala uliopo kanisani kwetu tangu tulipopewa kompyuta na mashine ya kuchapa: nani aruhusiwe kuzigusa? Hadi leo zimefungiwa kabatini, na jarida hili limechapwa kwa ruhusa ya siku mbili tu.

Steere alizaliwa London mwaka 1828. Alisomea sheria akawa wakili, kisha akaiacha kazi hiyo akaingia utumishi wa kanisa mwaka 1856. Alikuwa padre wa kijiji katika jimbo la Lincolnshire wakati rafiki yake William Tozer alipofanywa askofu wa misheni ya UMCA mwaka 1863. Misheni hiyo ilitokana na wito wa David Livingstone huko Cambridge mwaka 1857. Askofu wake wa kwanza, Charles Mackenzie, alikuwa amekufa kwa homa mwaka 1862 katika nchi ya mto Shire, ambayo sasa ni Malawi. Steere alikubali kumsindikiza rafiki yake. Walipoona hali ya kule, njaa na vita na makaburi ya wenzao, waliondoka, wakafika Unguja Agosti 1864. Livingstone hakufurahishwa na jambo hilo. Sisi tuliokimbia hatuna haraka ya kuwahukumu.

Wanafunzi wao wa kwanza walikuwa wavulana watano. Walikuwa wametolewa katika jahazi la watumwa, na Sultani Majid akawakabidhi kwa wamisionari. Tufikirie kidogo watoto hao. Hawana baba wala mama, kijiji kipo mbali, na lugha ya nyumbani huenda hakuna jirani anayeielewa. Katika makazi yetu tunao watoto wa namna hiyo, na kila mmoja wetu anaweza kutaja nyumba wanayolala.

Steere alikuwa na mashine ndogo ya kuchapa. Si kama hizi za leo zinazomeza karatasi zenyewe. Herufi zilikuwa vipande vya madini ya risasi, na mchapaji alizipanga moja moja kwa mkono, mstari hadi mstari, zikiwa zimegeuka kama zinavyoonekana kwenye kioo. Kisha zinapakwa wino, karatasi inawekwa juu, inakandamizwa. Ukikosea herufi moja unarudia. Kazi hiyo Steere hakuifanya peke yake nyuma ya mlango uliofungwa. Aliwafundisha wavulana wa misheni. Watoto waliouzwa kama mbuzi wakawa wapangaji wa herufi, na vitabu vya kanisa vikatoka mikononi mwao. Bila shaka waliharibu karatasi nyingi, na karatasi ilitoka Ulaya kwa meli.

Jambo la pili ni lugha. Angeweza kuwafundisha Kiingereza na kungoja miaka kumi waelewe mahubiri. Badala yake alikaa na wenyeji wa mjini, waungwana na masheikh Waislamu, akawauliza na kuandika. Waswahili walikuwa wakiandika lugha yao kwa herufi za Kiarabu tangu zamani, na Johann Ludwig Krapf alikuwa ameianza kazi kama hiyo kwa Kimvita, kwa hiyo tusiseme Steere ndiye aliyetuletea maandishi. Lakini mwaka 1865, mwaka mmoja tu baada ya kufika, tayari alichapa pale Unguja mwanzo wa kitabu chake cha sarufi. Kitabu kamili kilitoka London mwaka 1870, pamoja na kingine cha hadithi alizosimuliwa na wenyeji, na humo ndimo ilimohifadhiwa hadithi ya Sultani Darai. Padre akusanye hadithi za paa anayesema? Wapo waliodhani ni kupoteza wakati. Sisi tunaona kwamba alijifunza kusikiliza watu kabla ya kuwahubiria.

Wala hakuishia kwenye Kiswahili. Alikusanya pia maneno ya Kishambaa, Kiyao, Kingindo, Kizaramo, Kingazija na Kimakonde. Mji wa Unguja ulikuwa umejaa watu walioletwa kwa nguvu kutoka bara, na kila mmoja alikuja na lugha yake.

Mkewe alibaki Uingereza. Steere alirudi kwake mwaka 1868, kisha mwaka 1872, baada ya tufani kubwa kuibomoa misheni, alikwenda tena Unguja. Ndoa yao ilipita kwa barua zaidi kuliko kwa kuketi pamoja. Hatusemi alifanya vema wala vibaya. Ndugu walioachana na wake zao mpakani watalielewa jambo hili kuliko sisi tunaoandika.

Juni 1873 Sultani Barghash alitia sahihi mkataba, na soko la watumwa la Unguja likafungwa. Misheni ilipata kiwanja hicho. Steere alianza kuhubiri hapo hapo kwa Kiswahili, ndani ya kibanda cha udongo, na Krismasi ya mwaka huo liliwekwa jiwe la msingi la kanisa la Mkunazini. Mwaka 1874 akawekwa wakfu kuwa askofu. Paa la kanisa alilitaka la kuba, kwa mawe ya matumbawe na saruji, bila nguzo za mbao, na watu walisema litawaangukia. Bado limesimama. Wenyeji huonyesha hata nguzo ndogo ambazo, kwa masimulizi yao, mafundi walizisimamisha kichwa chini wakati askofu hayupo, naye akaziacha.

Mwaka 1876 aliongoza msafara wa watu walioachwa huru waliotaka kurudi kwao bara. Walianzisha makazi Masasi. Septemba 1882 makazi hayo yalivamiwa, wengine walichukuliwa mateka, na waliobaki wakahama tena. Steere hakuliona hilo, maana alikuwa amefariki Unguja Agosti mwaka huo huo. Alizikwa nyuma ya altare ya Mkunazini.

Kabla hajafa, mwaka 1879, Agano Jipya la Kiswahili lilikuwa limekwisha. Mwaka huo huo John Swedi, mmoja wa wale wavulana watano, aliwekwa kuwa shemasi. Agano la Kale lilimaliziwa na wenzake, na Biblia nzima ikatoka mwaka 1891. Lugha ya Unguja aliyoichapa ndiyo iliyochaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, kazi iliyokabidhiwa kamati ya lugha mwaka 1930.

Tunarudi kwenye kabati letu. Wazee wanaogopa mashine itaharibika, na wana haki, kwa kuwa wino ni ghali na sola yetu ni dhaifu. Lakini vijana wa kwaya wamekwisha kuanza bila kungoja. Wanarekodi masomo ya Jumapili kwa simu, kwa Kibembe, Kifuliiru na Kirundi, wanayatia kwenye kadi ya memori na kuyapeleka kwa wajane na vipofu wa block za mbali. Mama mmoja alisikiliza mara tatu, kisha akaomba aachiwe simu hadi asubuhi.

Kikao cha wazee kuhusu ufunguo wa kabati kitakuwa Jumapili ya pili, baada ya ibada ya mchana. Vijana wa kurekodi wameombwa kufika na simu zao, na mzazi mwenye mtoto anayetaka kujifunza kuchapa amlete.