Mittelholzer: Rubani aliyevuka Afrika kutoka ziwa hadi ziwa

MNAMO Desemba 7, 1926, ndege yenye injini moja ilipaa kutoka Ziwa Zürich nchini Uswisi ikiwa imebeba watu wanne. Haikuwa na magurudumu. Chini yake palifungwa maboya mawili marefu yaliyofanana na mitumbwi, na mwisho wa safari yake ulikusudiwa kuwa Cape Town, kusini kabisa mwa bara la Afrika.

Aliyeshika usukani alikuwa Walter Mittelholzer, mwanamume wa umri wa miaka 32 ambaye kwao alifahamika kwa mambo mawili, urubani na upigaji picha. Aliandamana na fundi wake Hans Hartmann, mwanajiolojia Arnold Heim na mwandishi René Gouzy.

Mittelholzer alizaliwa Aprili 2, 1894 katika mji wa St. Gallen. Kazi ya kwanza aliyosomea ilikuwa ya upigaji picha, na ni kamera iliyomfikisha angani. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, jeshi la Uswisi lilihitaji watu wa kupiga picha wakiwa ndani ya ndege, naye akawa miongoni mwao. Alifuzu kuwa rubani mwaka wa 1917.

Vita vilipokwisha, yeye na rubani mwenzake Alfred Comte walianzisha kampuni ndogo ya kubeba abiria na kupiga picha kutoka angani. Mwaka uliofuata, 1920, kampuni hiyo iliunganishwa na nyingine na kuwa Ad Astra Aero, ambayo Mittelholzer alikuja kuwa mkurugenzi na rubani wake mkuu.

Uswisi ni nchi ya milima, na ardhi tambarare ya kutengenezea viwanja vya ndege haikuwa ya kumwagwa. Maziwa, hata hivyo, yalikuwapo tele. Ad Astra ilitumia ndege za majini zilizotua katika maziwa ya Zürich, Luzern, Geneva na mengineyo, zikiwabeba watalii waliotamani kuitazama milima ya Alps kutoka juu.

Kazi hiyo ilikuwa na hila zake. Ziwa likitulia kabisa kama kioo, rubani hupata taabu mara mbili. Anapotua hushindwa kukadiria umbali uliobaki kati yake na maji, kwa kuwa uso wa ziwa humwonyesha mbingu na milima tu. Anapotaka kupaa, maji hayo hayo huyang'ang'ania maboya na kukataa kuyaachilia. Ndiyo maana marubani wa ndege za majini hupendelea viwimbi vidogo vidogo. Tena, ziwa likiwa mahali pa juu, hewa huwa nyepesi. Injini hupungukiwa na nguvu, na ndege hulazimika kukimbia juu ya maji mwendo mrefu zaidi kabla ya kupaa.

Hayo ndiyo masomo ambayo Mittelholzer alikuja nayo Afrika. Kabla ya hapo alikuwa amekwisha kuyapima kwingineko. Mwaka wa 1923 alishiriki msafara wa visiwa vya Spitsbergen, karibu na Ncha ya Kaskazini, akapiga picha za milima ya barafu kutoka angani. Mwishoni mwa mwaka wa 1924 aliianza safari ya kwenda Tehran.

Kwa Afrika alichagua Dornier Merkur, ndege iliyotengenezwa Ujerumani, akaipa jina Switzerland. Uamuzi wa kuja na maboya ulikuwa wa busara. Viwanja vya ndege barani vilikuwa vichache na vilitengana mno, ilhali mto Nile na maziwa makuu yaliandaa njia ya maji ambayo hakuna serikali iliyohitaji kuijenga. Alivuka Bahari ya Mediterania, akaufuata mto Nile kupitia Misri na Sudan hadi Ziwa Victoria.

Hapo ndipo hesabu ilipobadilika. Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, karibu mara tatu ya kimo cha Ziwa Zürich, na jua la ikweta huipunguzia hewa uzito zaidi. Isitoshe, kutoka Victoria hadi Ziwa Tanganyika ni mwendo wa kilomita 300 hivi juu ya nchi kavu, na kutoka ncha ya kusini ya Tanganyika hadi Ziwa Nyasa ni kiasi kama hicho. Ndege yenye magurudumu ikiharibikiwa yaweza kutafuta uwanda wa nyasi. Yenye maboya, injini yake ya pekee ikizimika juu ya misitu na miamba, haina pa kukimbilia.

Injini haikumwangusha. Kutoka Ziwa Nyasa alishika njia ya Bahari ya Hindi, akaifuata pwani hadi Cape Town, alikowasili Februari 21, 1927. Alikuwa amesafiri takriban kilomita 20,000, na ndege yake ikawa ya kwanza ya majini kuvuka Afrika kutoka kaskazini hadi kusini.

Picha alizorudi nazo zilimpa umaarufu Ulaya. Ni picha za kupendeza, ijapokuwa anayezitazama leo ataona kwamba Mwafrika ndani yake mara nyingi ni sehemu ya mandhari tu, kama mlima au kundi la nyati. Mittelholzer alikuwa mtu wa zama zake, na zama hizo zilikuwa za ukoloni.

Alirejea Afrika Mashariki miaka mitatu baadaye, safari hii kwa ndege ya magurudumu, akimsafirisha Baroni Louis von Rothschild wa Vienna kwenda kuwinda Serengeti. Januari 8, 1930, aliruka juu ya Kilimanjaro, akawa wa kwanza kufanya hivyo kwa ndege, na kukipiga picha kilele cha Kibo pamoja na theluji yake. Picha hizo zimepata thamani ambayo huenda yeye mwenyewe hakuifikiria, kwani zaidi ya asilimia 80 ya barafu iliyokuwapo mlimani humo mwaka wa 1912 imetoweka.

Mwaka wa 1931, shirika la Uingereza la Imperial Airways lilianza huduma zake Afrika Mashariki, na ndege za majini zikawa zinatua Kisumu, na baadaye Naivasha. Mwaka huo huo Ad Astra iliungana na kampuni ya Balair kuwa Swissair, na Mittelholzer akawa mmoja wa wakuu wake. Mwaka wa 1934 alipeleka ndege Ethiopia kwa Mfalme Haile Selassie.

Dhoruba za Alps na mapori yaliyo kati ya maziwa ya Afrika hazikumdhuru. Aliaga dunia Mei 9, 1937, akiwa na umri wa miaka 43, katika ajali ya kupanda mlima huko Steiermark, Austria. Siku hiyo hakuwa ndani ya ndege. Alikuwa akipanda kwa miguu.