Bernard Lyot, Mfaransa Aliyelifunika Jua

Simama kando ya barabara Kona ya Musa usiku, matatu ije ikikumulika usoni. Aliye ubavuni mwa gari humwoni, hata awe jirani yako. Inua kiganja uzizibe zile taa, naye atakutokea. Hila hiyo kila mtoto wa Diani anaijua, na ndiyo iliyompatia Bernard Lyot jina katika elimu ya nyota.

Lyot alizaliwa Paris mwaka 1897. Alisomea mambo ya umeme, kisha akaingia kituo cha nyota cha Meudon, akashughulika na nuru inayorudishwa na sayari. Kwa kuipima nuru hiyo tu alitambua kuwa mawingu ya Zuhura ni matone madogo mno.

Zama hizo ule utandu wa nuru unaolizunguka jua, uitwao korona, ulionekana jua linapopatwa tu, tena kwa dakika chache. Wataalamu walivuka bahari na vyombo vyao, na wingu moja likawatia hasara. Waliojaribu kuliziba jua ndani ya darubini walishindwa. Lyot aliona kwamba kuziba peke yake hakutoshi, maana mwanga hutawanywa na vumbi, na mikwaruzo ya kioo, na hata ukingo wa kioo chenyewe. Basi akachagua kioo kisicho na dosari, akatia kisahani cha kuliziba jua, na nyuma yake kizuizi chenye tundu cha kukata ule mwanga wa ukingoni. Mwaka 1930 alipanda nacho Pic du Midi, mlima wa mita 2,877 wenye hewa safi, akaiona korona mchana kweupe.

Ajabu ni kwamba safari yake ya mwisho ilikuwa ya kufuata kupatwa kwa jua. Chombo chake kiliiona korona ya karibu. Ile ya mbali, iliyo hafifu, bado ilihitaji kivuli cha mwezi. Februari 25, 1952, jua lilipatwa Khartoum, naye alikuwako. Akirudi, Aprili 2, alifariki kwa moyo ndani ya garimoshi karibu na Cairo, umri miaka 55. Wapo watakaocheka. Mimi namheshimu zaidi kwa kuujua mpaka wa kazi yake.

Mwaka 1984 chombo cha namna ile kilifunika nyota Beta Pictoris, ukaonekana mzingo wa vumbi. Ukiwa Msambweni waiona kwa macho, jirani na Suheli ya manahodha wetu. Baadaye ilipigwa picha sayari kubwa inayoizunguka, na mwaka 2014 gesi ya kaboni monoksaidi katika hewa yake ikaonyesha kwamba siku yake ni kama saa 8. Mwaka 2025 darubini ya angani ya James Webb, kwa visahani vyake, ilitambua kaboni dayoksaidi katika sayari za nyota HR 8799. Kile kizuizi chenye tundu wahandisi hukiita hadi leo kwa jina la Lyot.