Henry Morgenthau na mupango wa inchi bila viwanda

Mutu akirudi kwao, swali la kwanza ni kazi: atakula nini? Mwaka wa 1944, vita vikiwa bado havijaisha, swali hilo liligawanya wakubwa wa Marekani juu ya Ujerumani. Katikati yao alikuwa Henry Morgenthau.

Alizaliwa New York mwaka wa 1891. Alikuwa mukulima wa matofaa, shamba lake karibu na kwa Franklin Roosevelt, na urafiki wao ulimusaidia kufika Waziri wa Fedha, tangu 1934 mpaka 1945.

Januari 1944 alimupelekea Roosevelt ripoti ya watumishi wake: wizara ya mambo ya inje ilikuwa inazuia njia za kuokoa Wayahudi wa Ulaya. Siku chache nyuma yake, Roosevelt akaunda Halmashauri ya Wakimbizi wa Vita. Kwa ninyi wenye mulikimbia, hiyo peke yake inatosha kumukumbuka.

Lakini mwaka ule ule akatoa mupango mwingine. Alitaka Ujerumani isipate tena nguvu ya kupigana: viwanda vya Ruhr vivunjwe, migodi ifungwe, watu waishi kwa jembe na mifugo. Septemba, kule Quebec, Roosevelt na Churchill wakatia herufi za majina yao kwenye karatasi yenye mawazo hayo. Magazeti yakapata habari, propaganda ya Wanazi ikashangilia. Stimson, waziri wa vita, alikuwa amekataa tangu mwanzo, maana Ulaya yote ilitegemea makaa na chuma cha Ruhr. Roosevelt akarudi nyuma.

Hasira ya Morgenthau naielewa. Hesabu yake ndiyo siielewi. Vita vilipokwisha, Wajerumani karibu milioni 12 walifukuzwa ao walikimbia toka mashariki, na mashamba ya huko yakabaki kwa wengine. Hawa wote wangelima wapi? Mwaka wa 1947 Herbert Hoover alisema mupango ule ungeomba kuondoa watu milioni 25. Mwaka uliofuata pesa za Marshall zikaanza kuingia Ulaya, Ujerumani ya magharibi ikiwemo.

Morgenthau aliacha kazi Julai 1945. Mupango wake hakuukana. Aliutetea katika kitabu mwaka ule ule. Kisha akachangisha pesa kwa Wayahudi waliobaki bila makao, mpaka uzee. Alikufa mwaka wa 1967.