Muzee Bildad Kaggia na udongo wa waliorudi

Shirika letu halina kadi ya politike, na halitakuwa nayo. Lakini kila uchaguzi ukikaribia, swali ni lile lile: mbunge akikosana na chama chake juu ya shida zetu sisi, yeye atapatwa na nini? Kwa swali hilo tunaleta maisha ya muzee mmoja wa Kenya.

Bildad Kaggia alizaliwa 1921. Katika Vita Kuu ya Pili alikuwa askari wa Waingereza, akafika hata Uingereza. Aliporudi Nairobi aliingia vyama vya wafanyakazi, kisha KAU, chama cha kudai uhuru. Oktoba 1952 alikamatwa pamoja na Jomo Kenyatta, Paul Ngei, Fred Kubai, Achieng Oneko na Kung'u Karumba. Kesi yao ilikatwa Kapenguria: miaka 7 ya kazi ngumu. Kaggia alitoka 1961.

Hapo njo maisha yake yanakutana na yetu. Wakati watu wa Mau Mau walikuwa msituni na kambini, wakoloni waliunganisha mashamba ya Wakikuyu na kuandika majina upya. Wengi waliporudi walikuta udongo wao uko kwa jina la mwingine. Nani kati yetu tuliorudi Djugu hajui maneno hayo?

1963 Kaggia alichaguliwa mbunge wa Kandara kwa chama cha KANU, akapewa kazi katika wizara ya elimu. Serikali ya KANU iliamua mashamba ya wazungu yanunuliwe kwa mkopo, na wasio na kitu wagawiwe vipande vya kulipia. Kaggia alikataa: mtu aliyepigania udongo wake hawezi kuununua tena. 1964 akapoteza kazi ya wizara, lakini hakunyamaza. Aprili 1965 Kenyatta alifika Kandara, akamwaibisha mbele ya watu: wenzake wa jela wako na mashamba na mali, je, yeye amejifanyia nini? Leo wengi wanakumbuka maneno hayo kama sifa yake.

1966 aliondoka KANU pamoja na Oginga Odinga, wakaunda KPU, Kaggia akiwa makamu. KANU wakageuza katiba mbio mbio: mbunge akitoka chama kilichomleta, kiti kinakuwa wazi, arudi kwa wapiga kura. Sheria iliwakamata hata waliokuwa wametoka tayari. Juni ile ile viti 29 vilipigiwa kura. KPU walinyimwa ruhusa za mikutano mara nyingi. Kwa jumla walipata kura kupita KANU, lakini viti 9 tu. Kaggia alianguka kwake Kandara.

1968 alifungwa tena, juu ya mkutano usio na ruhusa. 1969 alirudi KANU, akapewa kuongoza bodi ya pamba. Hilo hatulifichi. Miaka ya uzee aliimaliza Makuyu, na kinu chake cha kusaga mahindi. Alikufa Machi 2005, bila utajiri wa wenzake.

Kwetu Kongo, kifungu cha 110 cha Katiba ya 2006 kinasema mbunge anayetoka chama chake kwa kupenda, katikati ya muhula, anahesabiwa ameacha kiti. Na kiti hakirudi kwa wapiga kura: kinaenda kwa mbadala aliyeandikwa naye. Kaggia walau aliulizwa mbele ya watu wake. Halafu, tangu sheria ya 2017, kuna kizingiti: orodha ambayo haifikishi asilimia 1 ya kura za nchi nzima haipati kiti katika bunge la Kinshasa, hata mtu wake akipendwa sana kwao. Sheria hizi ziko na sababu yake. Kuna wabunge wanaouzwa sawa mbuzi sokoni, na kuna vyama vya mtu na bibi yake. Lakini zinafanya pia mtu wa kanuni aogope chama kuliko wale waliomchagua.

Kaggia alikuwa mgumu, akavumilia jela mara mbili, na mwishoni akachoka. Mtu peke yake anachoka. Njo maana sheria ya uchaguzi inatuhusu sisi wa mashamba.

Basi wanachama, wakija kuomba kura, waulizeni kwanza juu ya udongo, kisha waulizeni watafanya nini siku chama kitawaambia wanyamaze. Na ninyi wafadhili, mkisaidia mafunzo ya uchaguzi, yasiishie kwenye kubonyeza mashine. Waliorudi wafundishwe pia kiti ni cha nani, na namna ya kudai kirudi kwao.